Je, tuombe sheria ya NIDA kwa kila akaunti? Jibu kwa mwalimu wa Kasulu

SWALI: Mimi ni mwalimu wa sekondari wilayani Kasulu, mkoani Kigoma, na ni katibu wa kikao cha wazazi shuleni kwetu. Wanafunzi wa kidato cha pili walikutwa na video za ngono kwenye simu, na wazazi wakakasirika sana. Mzazi mmoja alieleza kwamba Australia imewafungia watoto mitandao ya kijamii, na kikao kikaazimia tumwandikie mbunge wetu aombe sheria itakayomtaka kila anayefungua akaunti aonyeshe kitambulisho cha NIDA, yaani kitambulisho cha taifa. Barua natakiwa kuiandika mimi. Nafsi yangu inasita, lakini kila nikijaribu kueleza sababu naonekana natetea uchafu. Nisemeje?

JIBU: Mwalimu, hasira ya wazazi hao ni ya haki, na hupaswi kuipunguza hata kidogo unapozungumza nao. Mtoto wa miaka 14 hapaswi kukutana na video hizo, na mtu mzima anayemrushia mtoto video kama hizo anatenda kosa ambalo sheria zetu tayari zinalitambua. Hata hivyo nakushauri usiiandike barua hiyo kama ilivyoazimiwa. Andika nyingine, na hapa nitajaribu kukupa hoja za kuwapelekea wazazi pamoja na mambo ya kuomba badala ya hilo waliloliomba.

Hoja ya msingi ni hii: hakuna mfumo unaoweza kumtambua mtoto mtandaoni bila kwanza kumkagua kila mtu mzima. Mfumo haujui nani ni nani mpaka umuulize, na akishaulizwa mmoja wanaulizwa wote. Kwa hiyo sheria inayoitwa ya kuwalinda watoto, pale inapotekelezwa kwa vitambulisho, inageuka kuwa sheria ya kumwandikisha kila mwananchi anayesoma, anayeuliza au anayesema jambo mtandaoni. Wazazi wako walikuwa wanamfikiria mwanafunzi wa kidato cha pili. Barua yao ingemgusa muuguzi wa zahanati, mvuvi wa Kibirizi, mama muuza mawese wa Mwandiga, na wewe mwenyewe.

Kabla ya kufika kwetu, tuuweke sawa huo mfano wa Australia, kwa sababu umekuwa ukisimuliwa nusunusu. Bunge la Australia lilipitisha sheria hiyo mwishoni mwa Novemba 2024, na ilianza kutumika tarehe 10 Desemba 2025. Inazitaka kampuni kama Facebook, Instagram, TikTok, Snapchat, X na YouTube zichukue hatua za kuridhisha kuwazuia walio chini ya miaka 16 wasiwe na akaunti, na kampuni inayokaidi inaweza kutozwa faini inayofikia dola milioni 49.5 za nchi hiyo. Mtoto na mzazi hawaadhibiwi. Jambo ambalo mzazi wenu pengine hakulisikia ni kwamba sheria hiyohiyo inaikataza kampuni kufanya kitambulisho cha serikali kuwa njia pekee ya kuthibitisha umri. Lazima iweke na njia nyingine. Yaani hata Australia, ambayo wazazi wanaitaja kama kielelezo, iliona hatari ya kile ambacho kikao chenu kinataka kukiomba, ikaweka kizuizi ndani ya sheria yenyewe.

Uingereza ilipita njia nyingine. Sheria yake ya Usalama Mtandaoni ya mwaka 2023 ilianza kudai ukaguzi wa umri tarehe 25 Julai 2025, chini ya usimamizi wa Ofcom, mdhibiti wa mawasiliano wa nchi hiyo, na adhabu yake inafikia pauni milioni 18 au asilimia 10 ya mapato ya kampuni duniani kote, kutegemea ipi ni kubwa. Lengo lililotangazwa lilikuwa ponografia na maudhui yanayohamasisha watu kujidhuru. Kwa kuwa faini ni kubwa na mstari wa sheria hauonekani vizuri, kampuni zilijihami kwa kufunga zaidi ya kilichotakiwa: ndani ya mtandao wa majadiliano wa Reddit, kwa mfano, baadhi ya jumuiya za watu wanaosaidiana kuacha sigara na za watu waliofanyiwa ukatili wa kingono zilijikuta nyuma ya lango la kitambulisho. Programu za VPN, zinazoficha mtu anatumia mtandao akiwa nchi gani, zilipanda hadi juu kabisa katika orodha ya zinazopakuliwa nchini humo ndani ya siku chache, na ombi la kutaka sheria ifutwe lilisainiwa na watu zaidi ya 500,000. Serikali ililikataa.

Marekani mahakama zimegawanyika. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu, kwa majaji sita dhidi ya watatu, iliiruhusu sheria ya Texas inayotaka tovuti za ponografia zikague umri. Miezi michache kabla, mahakama za shirikisho zilikuwa zimezifuta sheria za Arkansas na Ohio zilizotaka idhini ya mzazi kabla ya mtoto kufungua akaunti kwenye mitandao ya kijamii, kwa sababu mitandao hiyo ni mahali pa mazungumzo halali na sheria zilikuwa pana mno. Tofauti hiyo ni muhimu kwako, Mwalimu: lango kwenye tovuti ya ponografia na lango kwenye mtandao mzima wa mawasiliano ni mambo mawili, na kikao chenu kimeomba hilo la pili.

Sasa tuje kwenye namna umri unavyokaguliwa, maana hapa ndipo wazazi wengi hubadilisha mawazo pindi wanapoelezwa. Njia ziko tatu hasa. Ya kwanza ni kamera kukadiria umri kwa kutazama uso. Taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, iliipima programu za aina hii mwaka 2024 na ikaona kwamba usahihi wake hubadilika kulingana na jinsia, eneo mtu alikozaliwa na ubora wa picha, na kwamba makosa yalikuwa makubwa zaidi kwa nyuso za wanawake karibu katika kila jaribio. Kwa kuwa programu hukosea kwa miaka kadhaa, kampuni huweka ukingo, mathalani ikitaka uso uonekane wa miaka 25 ndipo umruhusu mtu wa miaka 18. Binti wa miaka 21 anayesoma chuo anaambiwa alete kitambulisho. Chukua simu ya bei nafuu yenye kamera hafifu, chumba chenye mwanga wa taa ya sola, na programu iliyofundishwa zaidi kwa nyuso za nchi nyingine, uone makosa hayo yataangukia wapi.

Njia ya pili ni kumbukumbu za kampuni ya simu au benki. Kwetu hii inaonekana rahisi, kwa sababu tangu muda wa kusajili laini kwa alama za vidole ulipofika mwisho Januari 2020, laini za wananchi zimefungwa na namba za NIDA. Lakini jiulize laini ya mwanafunzi wa kidato cha pili imesajiliwa kwa jina la nani. Ni ya mama, ya kaka, ya shangazi, au ya mtu aliyekuwa akiuza laini stendi. Waombe wazazi kikaoni wapige *106# wahesabu ni laini ngapi zimesajiliwa kwa NIDA zao, kisha wajiulize ni ngapi kati ya hizo ziko mikononi mwa watoto. Kwa mujibu wa mfumo huo, watoto wa Kasulu hawapo. Wote ni watu wazima wenye vitambulisho halali. Tena nyumba nyingi zina simu janja moja inayozunguka kuanzia kwa baba asubuhi hadi kwa watoto usiku, na akaunti ikishafunguliwa na mtu mzima, ukaguzi umekwisha.

Njia ya tatu ndiyo mliyoiomba: kupakia picha ya kitambulisho. Naomba nikae hapa kidogo, kwa sababu naijua hali ilivyo katika maduka yetu ya stesheneri. Mtu asiyejua kupakia nyaraka anakwenda dukani Mwanga au Kasulu mjini, anamkabidhi kijana wa dukani kadi yake, kijana anaiskani au anaipiga picha kwa simu yake mwenyewe, anaituma kwa WhatsApp kwenda kwenye kompyuta, anakamilisha kazi, analipwa, mteja anaondoka. Picha ya kadi inabaki kwenye simu, inabaki kwenye kompyuta, mara nyingi kwenye folda ya vipakuliwa pamoja na mamia ya kadi za wengine, na yeyote atakayekaa kwenye kiti hicho wiki ijayo anaweza kuziona. Hakuna nia mbaya. Ndivyo kazi inavyofanyika. Siku serikali itakaposema kila mwenye Facebook alete NIDA, foleni katika maduka hayo itafika barabarani, na kila duka litageuka kuwa ghala la vitambulisho vya kata nzima.

Namba ya NIDA yenyewe si namba ya kuchezea. Ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku uliyozaliwa. Ndiyo namba inayosajili laini, na laini ndiyo inayobeba pesa yako ya simu. Anayeipata pamoja na picha ya kadi yako ameshapata nusu ya anachohitaji ili ajifanye wewe.

Wazazi wanaweza kusema kwamba kampuni kubwa za nje zina ulinzi kuliko duka la Kasulu. Oktoba 2025 kampuni ya mtandao wa mazungumzo wa Discord ilitangaza kwamba picha za vitambulisho vya serikali za watumiaji wapatao 70,000 huenda zimefikiwa na wadukuzi, kupitia kampuni nyingine iliyokuwa imepewa kazi ya kuhudumia wateja. Picha hizo zilikuwa zimetumwa na watu waliokuwa wakikata rufaa kuhusu umri wao. Walioumia, basi, ni watu waliotii kanuni.

Mfano mzito zaidi ni Korea Kusini, na nashangaa kwamba hautajwi mara nyingi, kwa sababu nchi hiyo ilikwishafanya kile ambacho wengine leo wanadhani ni wazo jipya. Kuanzia mwaka 2007 tovuti kubwa zililazimika kumtambua kila mtu kwa jina halisi na namba yake ya utambulisho kabla ya kuandika lolote. Julai 2011 wadukuzi waliiba taarifa za watumiaji wapatao milioni 35 kutoka kampuni moja ya mitandao, katika nchi ambayo watu wake wote walikuwa karibu milioni 50. Agosti 2012 Mahakama ya Katiba ya nchi hiyo, kwa kauli moja ya majaji wote, ilifuta sheria hiyo. Ilieleza kwamba maandishi haramu hayakuwa yamepungua kwa kiasi cha maana, kwamba watu walikuwa wamehamia tovuti za nje, na kwamba uhuru wa kusema bila kutaja jina ulikuwa umebanwa bila faida inayolingana na hasara hiyo. Ukimpa mbunge mfano mmoja tu, mpe huu, kwa maana una mwanzo, una matokeo na una hukumu.

Sasa tuuangalie mkoa wetu wenyewe. Kigoma ni mkoa wa mpakani, na kila mtu hapa anajua maana yake anapokwenda kuomba kitambulisho. Mwombaji wa Dodoma anajaza fomu na kusubiri; mwombaji wa Buhigwe au Kakonko anaweza kuulizwa alikozaliwa babu yake, akaambiwa alete mashahidi, akapelekwa Uhamiaji, akarudishwa. Wako watu wazima wenye wajukuu ambao bado wana namba bila kadi, na wengine hawana hata namba. Kwa sheria mnayoiomba, mtu asiyeweza kuthibitisha umri anahesabiwa kuwa mtoto. Mzee wa miaka 60 ambaye amekuwa akipokea picha za wajukuu kupitia simu angefungiwa nje kwa kosa la kuzaliwa karibu na mpaka. Na katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, iliyoko humo wilayani kwenu tangu 1996, wako maelfu ya watu wasio raia, wasioweza kuwa na kitambulisho cha NIDA cha raia, ambao mtandao ndio uzi pekee unaowaunganisha na ndugu walioko Kongo. Hata jirani zetu wa Ulyankulu mkoani Tabora, ambao ni miongoni mwa wakimbizi wa zamani wa Burundi zaidi ya 162,000 waliopewa uraia mwaka 2014, wanaelewa vizuri kuliko wengi wetu maana ya maisha yako yote kusubiri karatasi moja. Sheria inayofanya karatasi kuwa ufunguo wa kusema inawaadhibu kwanza wale ambao karatasi imewachelewa.

Nikiulizwa ni nini kinachonitia wasiwasi zaidi, nitasema ni kupotea kwa uwezo wa kuuliza au kueleza jambo bila jina lako kubandikwa juu yake. Binti aliyebakwa na ndugu wa familia anatafuta usiku afanye nini, na hawezi kumuuliza mtu yeyote nyumbani. Mwalimu anataka kueleza kwamba fedha za madawati hazikufika. Mtu aliyepima na kukutwa na VVU anataka kusoma walivyoishi wengine. Wote hao leo wanaweza kutumia jina la kubuni, na wakijua kwamba akaunti yao imeunganishwa na NIDA hawatauliza. Hatutawasikia wakilalamika, kwa sababu watakuwa wamenyamaza.

Wala hili si la kufikirika nchini mwetu. Desemba 2016 Maxence Melo, mwanzilishi mwenza wa mtandao wa majadiliano wa JamiiForums, alikamatwa na kushtakiwa, miongoni mwa mengine, kwa kutotoa taarifa za watumiaji waliokuwa wameandika kwa majina ya kubuni. Kilichowakinga watu hao ni kwamba mtu mmoja alikataa. Kama kila akaunti ingekuwa na NIDA nyuma yake, kusingekuwa na cha kukataa. Mwaka 2018 zikaja kanuni za maudhui ya mtandaoni ambazo ziliorodhesha ponografia na lugha ya matusi miongoni mwa yaliyokatazwa, jambo ambalo mzazi yeyote angeliunga mkono, lakini zikamtaka pia mwandishi wa blogu alipe zaidi ya shilingi milioni 2 za leseni, na wengi wakafunga blogu zao. Mei 2025 mtandao wa X ulipozimwa nchini, aliyekuwa Waziri wa Habari, Jerry Silaa, alieleza kwamba sababu ni maudhui ya ngono. Pamoja na ngono hiyo zilizimwa habari, mijadala ya katiba, matangazo ya biashara na maoni ya kila aina. Oktoba 29 mwaka huohuo, siku ya uchaguzi, intaneti yenyewe ikazimwa nchi nzima kwa siku kadhaa. Nayataja haya kwa sababu chombo unachokiomba kwa ajili ya mtoto kitakabidhiwa kwa mamlaka hizohizo, na hakitakuwa na maandishi juu yake yanayosema kitumike kwa watoto tu.

Ibara ya 18 ya Katiba yetu inampa kila mtu uhuru wa kueleza fikra zake, haki ya kutafuta, kupokea na kutoa habari bila kujali mipaka ya nchi, na kinga ya kutoingiliwa katika mawasiliano yake. Ibara ya 16 inalinda faragha. Maneno ni "kila mtu", na mtoto ni mtu. Mkataba wa Haki za Mtoto, ambao Tanzania imeuridhia, unampa mtoto naye haki ya kupata habari na haki ya faragha, sambamba na haki ya kulindwa. Kijana wa miaka 15 anayejifunza fizikia kwa video kwa sababu shule yake haina mwalimu wa somo hilo ana haki ambayo kikao hakikuikumbuka.

Kikaoni utaulizwa: mbona mwenye grosari anamkatalia mtoto pombe na hakuna anayelalamika? Hilo ni swali zuri, nawe lijibu kwa upole. Mwenye grosari anamtazama mteja usoni, na kama ana shaka anaomba kadi, anaiangalia, anairudisha, na kesho amesahau. Hapigi nakala, haandiki daftarini kwamba fulani alinunua bia mbili Jumamosi, wala daftari hilo halihifadhiwi ng'ambo kwa miaka. Mfumo wa mtandaoni hufanya hayo yote usipokatazwa waziwazi. Ungewaomba wazazi wakubali grosari yenye daftari la namna hiyo, wangekataa kabla ya watoto wao kukataa.

Ni haki niseme pia kwamba wataalamu hawajakaa bure. Ipo njia ya kihisabati inayomwezesha mtu kuthibitisha kwamba amevuka miaka 18 bila kutaja jina, namba wala tarehe ya kuzaliwa, na Umoja wa Ulaya umeanza kuifanyia majaribio katika nchi kadhaa, zikiwemo Denmark, Ufaransa, Ugiriki, Italia na Hispania. Ni bora kuliko kupakia kadi, na siku ikifika nchi yetu ikalazimika kuchagua, ningeipendelea hiyo. Lakini nayo inahitaji mtu awe na simu ya kisasa na kitambulisho cha kuanzia, kwa hiyo haimsaidii mzee wa Buhigwe, na haizuii serikali kupanua orodha ya mambo yanayohitaji ukaguzi. Leo ni ponografia, kesho ni siasa "zisizofaa kwa watoto".

Turudi kwa wale wanafunzi. Je, mmewauliza video zilifikaje kwenye simu? Nina hakika mkiwauliza bila fimbo mkononi mtasikia habari tofauti na mnayoitarajia. Kwa kawaida hutoka kwenye kundi la WhatsApp, au mwenzao amewarushia kwa Xender au Bluetooth bila bando lolote, au zimeingia pamoja na muvi kwenye kadi ya kumbukumbu katika kibanda cha kuingizia nyimbo. Hakuna hata moja kati ya njia hizo inayopita kwenye lango la umri la Facebook au TikTok. Sheria mnayoiomba ingekuwa imepitishwa mwaka jana, video zile zingewafikia vilevile.

Yapo mambo yanayofanya kazi leo bila sheria mpya. Simu nyingi za Android kuanzia toleo la 9 zina sehemu ya DNS ya faragha ndani ya mipangilio ya mtandao. Mzazi akiandika hapo family.cloudflare-dns.com, tovuti nyingi za ponografia hazitafunguka kwenye simu hiyo, bila malipo na bila kumpa mtu yeyote kitambulisho. Haichuji kinachotumwa ndani ya WhatsApp, na kijana mjanja anaweza kuiondoa, lakini kwa mtoto wa miaka 10 au 12 inasaidia sana. WhatsApp nayo izimwe upakuaji wa picha na video unaojiendesha, na ibadilishwe mipangilio ya nani anaweza kumwingiza mtu kwenye kundi ibaki kwa anaowajua tu. Fanyeni hayo kikaoni, simu zikiwa mkononi, kijana mmoja anayejua akiwaonyesha wazazi. Itachukua muda mfupi kuliko kusoma kumbukumbu za kikao kilichopita. Mtu mzima anayewarushia watoto video hizo, au anayemtishia binti kwa picha zake, aripotiwe Dawati la Jinsia na Watoto la polisi au kwa namba 116 ya simu ya mtoto, kwa kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 tayari inaadhibu usambazaji wa ponografia na hasa ile inayohusu watoto. Na walimu wazungumze na wanafunzi wenyewe. Mtoto anayejua kwamba akisema hatapigwa ndiye atakayesema mapema.

Neno moja kuhusu VPN, kwa sababu vijana watakuuliza. Nchini Uingereza ndiyo imekuwa njia ya kukwepa, na wako wanaodhani huo ndio utetezi wa uhuru. Kwetu tahadhari inahitajika: Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano nchini, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wajitambulishe, na programu nyingi za bure huishi kwa kuuza taarifa za wanaozitumia. Usiwafundishe wanafunzi kukwepa. Wafundishe haki zao, kisha sisi watu wazima tuipinge sheria mbaya hadharani, kabla haijapita.

Namna ya kuipinga ni kujua inakopitia. Muswada wa sheria hupelekwa kwenye kamati ya Bunge, na kamati hukaribisha maoni ya wananchi, ambayo unaweza kuyapeleka kwa maandishi bila kusafiri kwenda Dodoma. Kanuni ni jambo jingine: waziri huzitunga chini ya sheria iliyopo na kuzitangaza kwenye Gazeti la Serikali, na mara nyingi mwananchi huzisikia zikiwa zimeshaanza kazi. Zile za 2018 zilitungwa kwa njia hiyo. Wadau walikwenda Mahakama Kuu Mtwara Mei mwaka huo, wakapata zuio la muda, na kabla mwezi haujaisha shauri likatupwa. Kwa hiyo ombi lako muhimu kwa mbunge ni kwamba jambo lolote la kukagua umri mtandaoni lisiwekwe kwenye kanuni kamwe. Likija, lije kama muswada, lijadiliwe bungeni, na liwe na uwezo wa kupingwa mahakamani.

Barua yenyewe iwe fupi, ukurasa mmoja na nusu. Anza kwa kueleza kilichotokea shuleni bila kutaja jina la mwanafunzi yeyote wala kidato. Kisha omba kampuni za mitandao zitakiwe kufanya akaunti za vijana ziwe za faragha tangu zinapofunguliwa, zizuie watu wasiojulikana kuwaandikia, na zijibu malalamiko kwa Kiswahili ndani ya muda uliowekwa. Hayo yote yanawezekana bila kitambulisho cha mtu. Omba Dawati la Jinsia na Watoto wilayani lipewe askari aliyefunzwa makosa ya mtandao na vifaa vya kazi. Omba elimu ya usalama mtandaoni iingie kwenye ratiba ya shule, na si kwenye hotuba ya siku moja. Halafu tamka wazi kwamba kikao kinapinga sharti lolote la kuunganisha akaunti na NIDA, ukitaja Ibara ya 16 na 18, hali ya vitambulisho mkoani Kigoma, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, ambayo imeziweka taarifa zinazohusu watoto na zile za kibayometria katika kundi la taarifa nyeti.

Kikao kiliazimia, kwa hiyo huwezi kubadilisha azimio peke yako. Omba liletwe tena kama ajenda ya kwanza, wasomee rasimu zote mbili, wapige kura. Barua ikishapitishwa toa nakala tatu: moja ya ofisi ya mbunge, moja ya Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na moja ya jalada la shule, na uhakikishe hiyo ya jalada imegongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.